Upsati inavimbisha faili za muda kwenye PostgreSQL

Muulizaji (Unguja)
Assalaam alaykum wajuzi. Kila usiku data ya mizani ya karafuu kutoka Wete, Chake Chake na Mkoani inaingizwa kwenye jedwali moja, hifadhidata ya PostgreSQL 15. Ni upsati (upsert): stakabadhi iliyopo inasasishwa, isiyokuwepo inaongezwa:

`INSERT INTO mapokezi AS m SELECT DISTINCT ON (stakabadhi) * FROM ghafi ORDER BY stakabadhi, muda DESC ON CONFLICT (stakabadhi) DO UPDATE SET ...`

Ni rekodi kama milioni 3. Kazi ikiendelea, folda ya faili za muda `base/pgsql_tmp` inavimba, ikimalizika, tupu. Anayekula nafasi ni ON CONFLICT?

Jibu 1
Waalaykum salaam. Siye. ON CONFLICT inachungulia tu indeksi ya kipekee, rekodi moja moja. Mlaji ni ule upangaji wa DISTINCT ON, inayobakisha rekodi moja kwa kila stakabadhi: `work_mem`, yaani memori ya upangaji mmoja, usipoigusa ni MB 4, na kinachozidi humwagwa diskini. Endesha `EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)` kwa ile SELECT peke yake, maana ukiiweka mbele ya INSERT data itaingia kweli. Tazama mstari wa `Sort Method`.

Muulizaji
`external merge Disk: 412000kB`. Basi niweke MB 512?

Jibu 1
Haitatosha. Data ileile ikipangwa kwenye memori huchukua nafasi kubwa kuliko diskini. Jaribu `SET LOCAL work_mem = '1GB'` ndani ya transaksheni hiyo tu, kama RAM inaruhusu. Usiiandike kwenye postgresql.conf, faili la mipangilio ya seva nzima, abadan: kila upangaji wa kila muunganisho unaweza kudai kiasi hicho, na seva ikaishiwa memori. RAM ikiwa ndogo, ingiza kituo kimoja kimoja, na kwenye SELECT taja safuwima unazohitaji tu badala ya `*`.

Jibu 2
Naongezea. DISTINCT ON usiitoe, yakhe. Stakabadhi moja ikijirudia ndani ya amri moja, utapata `cannot affect row a second time` na amri nzima inaanguka.

Na mwisho wa DO UPDATE weka:

`WHERE (m.kilo, m.daraja) IS DISTINCT FROM (EXCLUDED.kilo, EXCLUDED.daraja)`

Bila hiyo, hata rekodi isiyobadilika inaandikwa upya, na nakala ya zamani inabaki mfu mpaka VACUUM (usafishaji wa nakala mfu) ipite. Uvimbe huo uko kwenye jedwali lenyewe, hauondoki kazi ikiisha. Usitumie `<>`: kwenye NULL (thamani tupu) inaweza kuruka rekodi iliyobadilika.

`ghafi` ikiwa ni jedwali la muda, endesha ANALYZE (kukusanya takwimu za jedwali) mwenyewe baada ya kupakia data kwa COPY, autovacuum, ile kazi ya kiotomatiki, hailigusi.