Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) au DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam)? Nimechaguliwa kote kuwili, kikundi cha familia usiku huu

Shangazi: Hongera sana mwanangu 🙏🙏 sasa mnasubiri nini, thibitisheni Mlimani! Kwenye renki za vyuo kinatajwa kila mwaka

Mimi: Shikamoo shangazi. Shida Mlimani nimepata Textile (mambo ya nguo na vitambaa), uhandisi wa umeme nimepata DIT. Na mi toka fomu tu nautaka umeme

Mama: Ndo kinachoninyima usingizi. Mtoto ana wani (daraja la kwanza) ya PCM (fizikia, kemia, hesabu), watu watasema kaishia Dar Tech (jina la zamani la DIT)

Ba'mdogo: Shem hao watu hawatamfanyia mtihani. Hizo renki nyingi zinahesabu machapisho ya maprofesa na chuo kinavyosikika huko duniani, Webometrics inaangalia mpaka tovuti ya chuo na linki zake, hamna anayekuja kuhesabu mashine za karakana wala mwanafunzi anashika mota mara ngapi kwa wiki. Wa DIT na wa Mlimani wote wanaenda ERB ileile (bodi ya kusajili wahandisi), unaanza graduate engineer, unapiga mafunzo kazini kama miaka mitatu ndo unaomba PE, yaani injinia kamili. Digrii ya Textile haikufanyi injinia wa umeme hata itoke wapi

Shangazi: Ila jina linafungua milango jamani

Ba'mdogo: Kweli dada, hapo sikubishii. Uhandisi pale upo toka 1973, ukienda kutafuta nafasi ya PT (mafunzo kwa vitendo) unakuta ofisi zimejaa kaka zako waliosoma pale. Angepata umeme Mlimani nisingeandika yote haya. Na Textile ni fani kamili, ila aisome anayeipenda, miaka minne si mchezo

Dada: Si aingie Mlimani halafu ahamie umeme?

Ba'mdogo: Mpaka nafasi iwepo na pointi zikubali. Ikishindikana je? Tusimpeleke mtoto kwa kubahatisha

Baba: Nimesoma yote. Kesho asubuhi mimi na yeye tunaenda DIT, tutaomba watuonyeshe maabara ya umeme, na tuwatafute wanafunzi wa mwaka wa tatu tuwaulize PT wanaenda wapi na vifaa wanagusa wenyewe au wanaangalia tu mwalimu

Mimi: Asante baba 😭

Shangazi: Haya, mkitoka huko mnipigie, nami nataka kusikia

Mama: Code ya TCU (tume ya vyuo vikuu) ya kuthibitisha chuo imeingia kwenye simu yangu, mtu asiifute hiyo meseji. Mwisho Ijumaa