Tulimsubiri Thabeet mpaka akauzwa, leo mnatuletea "subira" ileile kwa Maluach?

Wakuu, salamu leo mtanisamehe.

Jana kulikuwa na uzi humu wa Khaman Maluach wa Phoenix Suns, timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani. Nimeusoma kurasa zote nne na nimetoka na hasira. Kila anayelalamika kwamba dogo hapewi dakika anajibiwa neno moja: subira. Ana miaka 19, subira. Anajifunza, subira. Subira yavuta heri. Kuna mmoja kaweka na vile vikaragosi vya mikono ya dua, utadhani tupo msibani.

Kwa wasiomjua, nieleze haraka. Kazaliwa Rumbek, Sudan Kusini, 2006, familia ikakimbia machafuko, kakulia Kawempe pale Kampala. Mpira wa kikapu kaushika akiwa na miaka kama 13, umri ambao wenzake wa Marekani wameshachakaza jozi kumi za raba. Akiwa na 17 yuko Olimpiki ya Paris na timu ya taifa. Mwaka mmoja chuo cha Duke, na Juni 2025 akachaguliwa wa 10 kwenye drafti, usiku ule timu za NBA zinapochagua chipukizi kwa zamu. Mliomwona usiku ule analia mbele ya kamera hamhitaji nieleze zaidi.

Sasa usiku uleule, narudia, uleule, Suns wakaenda kwa timu ya Charlotte wakamchukua Mark Williams. Anacheza namba gani? Senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, namba ileile ya dogo. Alikuwa na miaka mingapi? 23. Yaani kwa saa chache umemleta senta mtoto nyumbani na umemleta na mwenye kiti chake. Na Oso Ighodaro, naye wa namba hiyohiyo, tayari alikuwepo. Matokeo yake miezi ya mwanzo ya msimu wa 2025-26 dogo alikuwa anavua traksuti pale mechi imeshakufa, dakika mbili tatu za mwisho, mashabiki wameshatangulia kwenye maegesho. Siku nyingine hakuvua kabisa.

Hiyo ndiyo mnaiita subira. Subira ya nani? Aliyeambiwa asubiri ni mtoto na sisi tunaokesha. Wenye timu hawakusubiri hata asubuhi ifike.

Mimi hili jambo lina kidonda changu, ndiyo maana naandika kwa ukali. Nilikuwepo 2009.

Drafti ya mwaka ule ilianza saa nane usiku kwa saa zetu, kuamkia tarehe 26 Juni. Mtaani kwetu taa zilikuwa zinawaka nyumba kibao, nikajisemea leo Wabongo wamependa kikapu. Kumbe Michael Jackson alikuwa amefariki saa chache kabla, watu wako macho kwa ajili yake. Mimi nikabaki na changu. Hasheem Thabeet, mita 2.21, kijana wa Dar aliyeanza kikapu akiwa na miaka 15, jina lake likasomwa la pili, anakwenda Memphis. Mbele yake Blake Griffin peke yake. Nilipiga ukelele mpaka mama mwenye nyumba akagonga ukuta.

Asubuhi nikapanda daladala ya Mwenge kwenda Posta, natafuta mtu wa kumwambia. Dereva kaweka Michael Jackson mwanzo mwisho. Nikamwambia konda: "Kaka, Mbongo kachaguliwa wa pili NBA." Akaniangalia. "Nauli ushatoa?"

Msimu ulipoanza nikajua maana ya kusugua benchi. Mechi za Memphis nyingi zilianza saa kumi alfajiri kwetu. Televisheni ndiyo usiseme, Memphis nani alikuwa anaionyesha? Kazi ilikuwa kwenda kwenye kafe ya intaneti ikifunguliwa, unalipia nusu saa, unasubiri ukurasa wa takwimu ujichore mstari kwa mstari. Unashuka na majina: Conley, Mayo, Gay, Randolph, Gasol, dakika 35, 38, 37. Unashuka tena. Thabeet, dakika 9. Thabeet, dakika 6. Siku nyingine mbele ya jina lake hakuna namba, ni maneno tu kwamba hakucheza kwa uamuzi wa kocha. Shilingi mia tano yangu imekwenda kusoma hayo.

Msimu mzima: mechi 68, wastani wa dakika 13, pointi 3.1, rebaundi (mipira iliyokosa kikapu akaidaka) 3.6, bloku (mitupo ya wapinzani aliyoizuia) 1.3. Wanaomcheka huwa wanasoma pointi tu. Hebu someni bloku. Bloku 1.3 ndani ya dakika 13, ukizipanua ziwe dakika 36 unapata 3.6. Mtoto alikuwa anafanya kile kitu kimoja alichochukuliwa kukifanya, na alikuwa amekifanya chuo cha Connecticut miaka mitatu mpaka ukanda wao wa vyuo ukamtangaza mlinzi bora mara mbili mfululizo.

Februari 2010 wakamshusha ligi ya maendeleo, Dakota Wizards, kule Bismarck kwenye theluji. Hakuna mchezaji aliyekuwa amechaguliwa juu kiasi kile akawahi kushushwa. Humu mkacheka sana, nyuzi zile nazikumbuka.

Ngoja niwe mkweli kabla hamjanirukia. Sisemi Thabeet alikuwa bora kuliko Marc Gasol, senta aliyekuwa anaanza pale Memphis. Sina wazimu. Gasol alikuwa na pasi, akili ya mchezo na uzito wa kusukumana chini ya kikapu. Thabeet akipewa pasi ya haraka ulikuwa unashika roho, mikono haikuwa salama. Miguu ilikuwa mizito kwenye kugeuka, faulo zilimwandama. Nayajua yote hayo na yalikuwa kweli. Swali langu ni moja: mikono isiyo salama inatengenezwa wapi? Kwenye kiti cha plastiki na taulo begani? Mtu aliyeanza mchezo akiwa na 15 hana deni la urefu wala nguvu, ana deni la mechi. Deni la mechi unalilipa kwa mechi.

Tena Memphis haikuwa timu ya ubingwa msimu ule kwamba dakika tano za ziada kwa chipukizi zingewakosesha pete. Walishinda mechi 40, wakapoteza 42. Hata mtoano hawakuingia.

Mwaka wa pili akashuka mpaka dakika 8 kwa mechi, na Februari 2011 akauzwa Houston. Miezi 20 tangu usiku wa drafti. Houston kwa vipindi viwili akacheza mechi saba. Saba! Kisha Portland, kisha Oklahoma City akapumua kidogo, 2014 NBA ikawa imemalizana naye. Mechi 224 jumla, na ukijumlisha dakika zake zote hazifiki misimu miwili ya senta anayeanza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba biashara yenyewe iliwalipa. Aliyekwenda Memphis ni Shane Battier, na Aprili ile Battier huyohuyo ndiye aliyetupa mtupo wa pointi tatu uliowapa ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia ya timu yao, dhidi ya San Antonio waliokuwa wa kwanza kwenye ukanda. Niliuona ule mtupo. Nilipiga makofi halafu nikakumbuka tumelipiaje.

(Kwa mabano: Memphis kabla ya Thabeet walikuwa na Darko Milicic wa Serbia, naye alichaguliwa wa pili, 2003, na Detroit wakamweka benchi dakika 4.7 kwa mechi huku wenyewe wakibeba kombe. Darko ametoka kiangazi kilekile Thabeet ameingia. Ile timu iliona kwa macho yake senta wa kigeni aliyeozea kwenye kiti, halafu ikampa kiti mwingine.)

Sasa naenda kwa wale wa "Giannis naye alisubiri". Nani kawadanganya? Giannis Antetokounmpo, leo nyota mkubwa, mwaka wake wa kwanza Milwaukee, 2013-14, alicheza mechi 77 kwa dakika 24.6. Alikuwa ametoka daraja la pili Ugiriki, mwembamba kama mpini wa jembe, anafunga pointi 6.8 tu. Milwaukee walishinda mechi 15 msimu mzima, wakaona bora tufungwe na huyu mtoto akiwa uwanjani. Bismack Biyombo wa Lubumbashi hivyohivyo: Charlotte 2011-12 walishinda mechi 7 wakapoteza 59, timu mbovu kupita maelezo, lakini mtoto alipata dakika 23 kwa mechi, na akaja kudumu kwenye ligi ile zaidi ya miaka kumi. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko ya Thabeet? Mnaomjua Biyombo mnacheka saa hizi.

Mtu mmoja tu jana alileta hoja ya maana, akamtaja Rudy Gobert, senta Mfaransa. Nampa haki yake. Gobert mwaka wa kwanza Utah alipata dakika 9.6 kwa mechi, akashushwa ligi ya maendeleo, leo ana tuzo nne za mlinzi bora. Kweli alisubiri. Lakini malizia hadithi, mkuu. Februari 2015 Utah walimuuza Enes Kanter, senta waliyemchagua wa tatu wao wenyewe, ili Gobert apite. Waliangalia mazoezini, wakaona mtoto yuko tayari, wakahamisha fenicha. Mimi subira ya namna hiyo siipingi hata kidogo, hata ingekuwa miaka miwili. Ninayoipinga ni ile ambayo kila ukiuliza "mpaka lini" unapewa methali.

Na jambo ambalo wengi humu hamlijui, au mnajifanya hamlijui: saa inatembea. Chipukizi wa raundi ya kwanza mkataba wake una miaka miwili ya uhakika tu. Wa tatu na wa nne ni hiari ya timu, na hiari ya mwaka wa tatu inaamuliwa kabla ya Novemba, baada tu ya msimu wake wa kwanza. Kwa hiyo mtoto anakaa benchi mwaka mzima "anajifunza", halafu mwaka ukiisha wanafungua faili kuangalia amefanya nini. Amefanya nini? Amevua traksuti. Thabeet mwaka wa nne wa mkataba wake hakuupata, alikwenda Oklahoma akiwa mchezaji huru.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 16 na tayari ananipita kichwa na shingo. Anachezea timu moja ya vijana hapa mjini, siitaji. Msimu uliopita nilikwenda kumtazama mechi tisa pale viwanja vya JMK Park. Nimemwona akibeba chupa za maji. Nimemwona akisimama kuwapisha wenzake wakae wakati wa mapumziko. Mechi ya tisa nikamfuata kocha wake kwa heshima kabisa, nikamwambia mwalimu, huyu kijana naomba hata dakika tatu. Akanipiga begani. "Subira, mjomba, huyu ni hazina." Nyumbani dogo akavua raba zake nilizomnunulia mimi Karume mwanzo wa msimu, akaziweka mlangoni. Soli bado nyeupe. Nimezitazama zile soli mpaka chakula kikapoa.

Basi leo mtu aniambie subira. Watu walewale mliokuwa mnaniambia subira 2009 ndio mlioanza kumwita Thabeet galasa 2011. Hamkuwa na subira, mlikuwa mnasubiri zamu ya kucheka. Na Maluach mtamfanyia hivyohivyo akishindwa, mtasema "Waafrika warefu tu, mpira hawajui", mtaweka na lile jedwali la waliochaguliwa nyuma yake.

Anayetaka kunijibu aje na dakika.

NYONGEZA 1: Mnaosema "Thabeet alilipwa mamilioni ya dola, unamlilia nini", someni tena nilichoandika. Mshahara wake sijaugusa popote.

NYONGEZA 2: Mkuu uliyeniuliza kama namlaumu kocha wa Suns, Jordan Ott, hapana, au si sana. Kocha anapangiwa kushinda mechi za leo, anampanga anayemwamini leo. Waliomchagua senta na kumnunua senta usiku mmoja hawakai benchi, wako ofisini. Huko ndiko ninakoelekeza.

NYONGEZA 3: Mnaouliza Thabeet yuko wapi siku hizi. Alizunguka Japani na Taiwan, akarudi nyumbani, na 2025 akavaa jezi ya timu ya Dar City akiwa na miaka 38. Mpwa wangu alikwenda kumtazama na wenzake. Aliporudi nikamuuliza vipi, umeonaje, maana nilitaka kusikia habari za urefu, za bloku, za umati. Akawa anatafuta chaja ya simu, wala hakugeuka. "Alicheza, mjomba."