Trekta dogo la bustani: dizeli au petroli, ipi ina nafuu ya kelele?

Kipara_wa_Bustani
Wakuu habari za leo, naomba mnisaidie kabla sijatoa hela. Nina trekta dogo la kukatia nyasi la petroli, silinda mbili za V, linapozwa kwa hewa, kazi linafanya vizuri tu ila kelele zimenichosha, nikimaliza kukata masikio yanavuma mpaka usiku na jirani naye ameshaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Nataka kuhamia dizeli ya silinda tatu. Shida kila ninayemuuliza ana lake, mmoja anasema dizeli ni makelele matupu inagonga kama inapasua kokoto, mwingine anasema dizeli ndo imetulia. Halafu nimeangalia karatasi za mashine mbili, ya petroli imeandikwa LpA 88, ya dizeli LwA 100, ina maana dizeli imezidi desibeli 12 nzima?? Wanaojua watiririke.

Fundi_Nozeli
Mkuu hizo namba mbili hazilinganishwi kabisa. LwA ni nguvu yote ya sauti inayotoka kwenye mashine kwenda kila upande, LpA ni sauti inayofika sehemu moja, mara nyingi sikioni kwa dereva akiwa amekaa kitini. Trekta lilelile moja linaweza kuandikwa LwA 100 na LpA 88 na pasiwe na uongo wowote. Ulaya kuna sheria ya mwaka 2000 inayolazimisha stika ya LwA kwenye mashine za kukata nyasi, ndo maana karatasi nyingine zinakuja na hiyo tu. Mwambie muuzaji akupe LwA zote mbili au LpA zote mbili, akishindwa basi hizo karatasi zifungie maandazi.

Sasa kuhusu kugonga. Dizeli haina cheche, hewa inabanwa mpaka inapata moto wa kuwasha mafuta, kubana kwake ni mara 16 mpaka 20 na kitu wakati petroli ni mara 8 au 9 hivi. Nozeli ikimwaga mafuta hayawaki papo hapo, yanachelewa kidogo sanaa, yale yaliyokwisha kujikusanya yanawaka kwa mkupuo na presha inapanda ghafla, huko ndo kugonga unakokusikia. Injini ikiwa ya baridi kuchelewa kunaongezeka ndo maana asubuhi inagonga vibaya halafu ikishapata moto inatulia. Ila hizi dizeli ndogo za bustani nyingi zina kichumba cha pembeni ambamo mafuta yanaanza kuwakia kabla ya kuingia kwenye silinda yenyewe, mfano Kubota D902, kwa hiyo presha haipandi kwa kishindo sana. Wanaosema dizeli inapasua kokoto wengi wanakumbuka injini za zamani au zile za silinda moja.

mamaMkulima
Mimi natumia zote mbili, ya petroli kwenye nyasi za karibu na nyumba, ya dizeli huku chini kwenye eneo kubwa. Nikiwa nimekaa juu dizeli ndo ninayoipenda, sio kwamba iko kimya la hasha, ila sauti yake ni nzito na haichomi. Ile ya petroli lazima uipeleke mpaka mizunguko 3600 kwa dakika ndo visu vikate vizuri na feni ipoze injini, sasa kwa mwendo huo inalia juu juu muda wote, dizeli yangu inafanya kazi ileile kwenye 3000 kasoro. Halafu dizeli ina rejeta, yale maji yanayozunguka silinda yanameza sauti kiasi fulani, kwenye petroli ya hewa vile vipezi vyembamba vya silinda vinatetemeka na kupiga kelele vyenyewe.

LAKINI ukiwa ndani ya nyumba mambo yanageuka! Sauti nyembamba ya petroli ukuta unaizuia, ule mvumo mzito wa dizeli unapita tu, dirisha linatetemeka. Kwa hiyo kama anayekusumbua ni jirani usitegemee sana kuwa dizeli itakupatanisha naye. Na usiiache inanguruma bila kazi chini ya dirisha lake, hapo ndo inagonga kuliko wakati wowote.

kisu_butu
Mnabishana injini wakati kelele nyingi ziko chini hapo, kwenye visu. Ncha ya kisu inaweza kukimbia karibu mita 90 kwa sekunde, na mabawa yale ya kuinulia nyasi yanapiga upepo kama feni, hiyo sauti haijui dizeli wala petroli. Mleta mada fanya hivi: washa trekta, peleka mafuta mpaka mwisho visu vikiwa vimezimwa, kaa kitini usikilize, kisha ukiwa hapohapo kitini uunganishe visu. Kama kelele imepanda sana basi utanunua dizeli na utaendelea kuzisikia kelele zilezile. Zungusha kila kisu kwa mkono injini ikiwa imezimwa na nyaya za plagi zote mbili zimechomolewa, ukisikia mchakacho beringi imekwisha. Kisu kilichopinda au kilichonolewa ncha moja tu nyingine ikaachwa nacho kinatikisa bodi lote, na bati la boneti likilegea linaimba.

Kipara_wa_Bustani
Dah @kisu_butu umenigusa, maana visu vikiingia tu ndo kelele inaanza kweli, kuna mlio kama wa kusaga upande wa kushoto. Na ekzosi nimeona ina tundu la kutu pembeni. Sasa nibadilishe hivyo kwanza au nisipoteze hela nichukue dizeli moja kwa moja?

Fundi_Nozeli
Beringi na ekzosi ni hela ndogo kuliko trekta jipya, anza hapo. Ila ekzosi weka ya saizi ileile ya kiwandani, usimsikilize anayekwambia ufunge bomba la wazi litaongeza nguvu. Dizeli nunua kama una kazi ya kuvuta mizigo au eneo ni kubwa na unataka ulaji mdogo wa mafuta, sio kwa ajili ya ukimya, na ni nzito, kwenye udongo laini inaacha alama.

Halafu hayo masikio kuvuma mpaka usiku usiyachukulie poa. Kipimo cha wataalamu ni desibeli 85 kwa saa 8, kila ikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo kwenye 88 ni saa 4, kwenye 91 ni saa 2 tu. Vaa vile vikinga masikio vya kufunika sikio lote, hata ukija kuwa na dizeli.

mamaMkulima
@Kipara_wa_Bustani ukishafunga beringi urudi utuambie, na mlio ukibaki angalia puli ya mkanda upande huohuo wa kushoto.