Mkibadilishana shamba kwa kiwanja halafu kiwanja kikaota mbawa, shamba linarudi au ndo basi?

Mtoa mada:
Wadau naomba tulijadili hili bila matusi, maana huku kwetu kusini limezidi. Baba yangu mdogo mwaka 2009 alibadilishana ardhi na jamaa mmoja, yeye katoa shamba lake kijijini Tandahimba, mikorosho 60 inayozaa, jamaa katoa kiwanja hapa Mtwara mjini upande wa Mangamba, hakuna aliyeongeza hata mia, wakaandikiana kwenye karatasi ya daftari, huku dole gumba huku saini, mashahidi wawili (mmoja ashatangulia mbele za haki), wakanywa chai kila mtu akashika njia yake.

2022 wakaibuka watoto wa dada zake yule jamaa wakasema kile kiwanja ni cha ukoo, yeye kama mjomba alikuwa anakishikilia tu, hana ubavu wa kukitoa peke yake. Si mnajua mambo yetu ya mjomba na wapwa, mali ya ukoo inafuata upande wa mama. Wakashinda kesi, baba mdogo katolewa na nyumba yake ya vyumba viwili imeshafika kwenye lenta. Karudi kijijini kudai shamba lake, jamaa anamwambia mzee hii mikorosho nimeipulizia salfa, dawa ya ukungu, miaka 13, mizee nimekata nimepanda mipya 25, na miaka 12 ya mwisho wa kudai ardhi ishapita kwaiyo kisheria hapa ni kwangu!

Mi msimamo wangu shamba lirudi. Jamaa alipwe ile 25 aliyopanda, yaishe. Ya salfa asiseme kabisa, kwani korosho za miaka 13 alikuwa anauza nani? Kubadilishana ni nipe nikupe, ukinipa kisicho chako hujanipa kitu.

Wa Newala:
Mkuu pole ila mzee naye kajitakia. Ardhi ya kijiji haihamishwi kwa chai, Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999 inataka halmashauri ya kijiji iridhie. Walienda? Hawakwenda. Watu wetu wakisikia kununua wanamtafuta mwenyekiti na mhuri, wakisikia kubadilishana wanaona kama kuazimana jembe, wakati sheria ya ardhi inaiweka kapu moja na kuuza. Huwezi kulala miaka yote hiyo uje uamke korosho zimepanda bei.

Dada wa Mingoyo:
Kaka wa Newala hapo umempiga mzee na fimbo ya kumtetea. Kama halmashauri haikuridhia basi yale makubaliano ni batili, na yakiwa batili Sheria ya Mikataba kifungu cha 65 kinasema aliyepokea faida airudishe au afidie, sa hapo jamaa anabaki na shamba kwa lipi? Hata hiyo miaka 12 watu wanaitaja kama tiketi ya basi, Mahakama ya Rufani imeshasema aliyeingia kwenye ardhi kwa ruhusa ya mwenyewe hawezi kuja kuidai kwa kukaa muda mrefu tu. Na jamani nyumba ya mzee mbona hakuna anayeitaja? Matofali, nondo, fundi, nani analipa? Mi ningedai na hiyo.

Wa Newala:
Dada, ruhusa ni ya mtu uliyemkaribisha alime. Huyu hakukaribishwa, alipewa moja kwa moja, akaingia kama mwenye mali.

Mtoa mada:
Sawa alipewa, kwa malipo ya nini? Kiwanja. Kiwanja kimeondoka 2022, basi na miaka ianze kuhesabiwa 2022 maana kabla ya hapo mzee angemshitaki kwa kosa gani wakati alikuwa amekaa kwake kwa amani?

Wa Nachingwea:
Kwetu wazee wangemaliza mapema, wanaingia shambani wanahesabu shina moja moja, hili lako hili langu, aliyepanda anavuna mpaka afidiwe. Mahakamani mtazeeka, na nauli za kwenda na kurudi zitakula hata hizo korosho.

Dada wa Mingoyo:
Wazee sawa, ila wakikubaliana waandike safari hii. Ikishindikana waanzie baraza la kata, mkumbuke tangu 2021 baraza la kata haliamui tena, linasuluhisha tu, siku 30 zikipita bila suluhu mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuna watu bado wanaandikiwa "hukumu" na kata wanafurahi nayo, haina kazi.

Mtoa mada:
Nashukuru dada. Sa ngoja niwaambie kinachoninyima usingizi, karatasi yenyewe nimeiona jana kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro. Imeandikwa "tumebadilishana shamba kwa kiwanja, hakuna wa kumdai mwenzake". Idadi ya mikorosho haipo, mipaka haipo, hata jina la kijiji hamna, na dole gumba limefifia kama doa la mabibo. Na yule shahidi aliyebaki hai ni shemeji yake jamaa. Msimu nao huo unakuja, korosho zikishafika ghalani malipo yanaingia kwa jina la jamaa, kuna mtu hapa alishawahi kuomba zuio la mavuno akapewa?