Mgao wa sekondari ya kutwa umepungua: tupunguze walimu wa BOM, tuongeze pesa za chakula au tukope?

MezaYaMhazini
Shule ni ya kutwa hapa Kenya, wanafunzi 300. Mgao wa serikali uliowekwa ni shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali inamudu kama 16,900 tu. Hapo kila kichwa kinapungukiwa na 5,344, na shule nzima 1,603,200 kwa mwaka. Bodi ina njia tatu: kupunguza walimu wa BOM (walioajiriwa na bodi ya shule yenyewe, si serikali), kuongeza pesa za chakula cha mchana, au kuchukua bidhaa kwa mkopo. Ipi ina madhara kidogo?

Kikokotoo
Mkopo uwe wa mwisho kabisa. Mgao hugawanywa asilimia 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu. Kwa 16,900, muhula wa kwanza mnapata 2,535,000, wa pili 1,521,000, wa tatu 1,014,000. Deni la Februari likisukumwa mpaka Septemba linakutana na fungu dogo kuliko yote, na huo ndio muhula wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Tena muuzaji anayejua atalipwa baada ya miezi sita haandiki bei ya sokoni. Subira yake anaitoza ndani ya bei ya kila gunia.

Bajeti iandikwe kwa 16,900. Kikija zaidi, kilipe deni la zamani.

MamaRatili
Pesa za chakula haziwezi kuziba pengo, maana zinaliwa. Piga hesabu: gramu 150 za mahindi, 40 za maharagwe na 5 za mafuta kwa kila sahani. Wanafunzi 300 wanamaliza kilo 45 za mahindi kwa siku, nusu ya gunia la kilo 90, na kilo 12 za maharagwe. Kwa wiki 13 za siku tano hayo ni magunia 32 na nusu ya mahindi, na bado hujanunua kuni wala kumlipa mpishi.

Mkiongeza 2,000 kwa kila mtoto juu ya gharama halisi na wazazi 6 kati ya 10 wakalipa, mnapata 360,000. Hiyo haifiki hata robo ya pengo. Na kumbukeni kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013: tozo lolote linahitaji idhini ya Waziri wa Elimu kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, risiti lazima itolewe, na mtoto hafukuzwi kwa kutolipa. Azimio la mkutano wa wazazi peke yake halitoshi, hata wote wakiinua mikono.

ChakiNyeupe
Basi inabaki ratiba. Msianze na mwalimu wa Hisabati. Anzeni na masomo ya kuchagua yenye wanafunzi 10 au 12 kwa kila mkondo. Unganisheni mikondo miwili iwe kipindi kimoja. Vipindi vikipungua ndipo mnajua ni mwalimu gani wa BOM hana mzigo wa kutosha. Shule nyingi hukata kinyume: zinaachisha aliyekuja mwisho, kumbe ndiye pekee wa Fizikia, na darasa linakaa bila mtu mpaka TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, ilete mwingine.

MezaYaMhazini
Na tukiazima kwenye akaunti ya masomo kulipa mishahara ya muhula huu?

Kikokotoo
Usijaribu, mwalimu. Akaunti ya masomo ni ya vitabu, chaki na kemikali za maabara. Mishahara inatoka ile ya uendeshaji. Mkaguzi ataandika hoja, na mtihani wa vitendo wa Kemia utafika kabati likiwa tupu.

ChetiKwanza
Mbona hamjauliza kama hao 300 wote wamo kwenye mfumo wa wizara wa kuorodhesha wanafunzi? Asiyeonekana humo hahesabiwi kwenye mgao. Wakikosa 15 tu, 253,500 zimeenda, ilhali wanakaa darasani na wanakula. Linganisheni rejista ya darasa na orodha ya mfumo, jina kwa jina. Tofauti ya herufi moja kati ya cheti cha kuzaliwa na rejista ndiyo hukwamisha wengi, kwa hiyo mwandike kama cheti kinavyosema, hata kama mzazi anaandika vingine.

MamaRatili
Na waliohama wafuteni kwenye mfumo siku hiyohiyo. Shule mpya haiwezi kumwingiza mtoto humo kabla ile ya zamani haijamwachilia.