Wakuu, nyuzi gani nzuri za mandolini? Naomba ushauri wa haraka

Mwambao77
Wakuu habari za jioni. Kwa wanaojua vyombo: nyuzi gani nzuri za mandolini, zinazodumu na zenye sauti tamu? Nimezunguka Kariakoo tangu asubuhi, kila duka ukitaja mandolini wanakushushia gitaa, mmoja alinitolea filimbi. Uzi wa E, ule mwembamba kabisa, umenikatikia mara tatu wiki hii. Kuna mtu ana D'Addario EJ74, anasema hakuna zaidi yake. Nichukue? Nazihitaji kabla ya Jumamosi. Asanteni.

Kachumbari
Uzi wa kuulizia nyuzi. Nimeshavuta kigoda.

Fundi Kinubi
EJ74 ni nyuzi nzuri, sipingi. Zinaanzia namba 11 mpaka 40, namba ni unene wa uzi, na zile nene zimezungushiwa bronzi. Ila nyuzi hazichaguliwi zenyewe, zinachaguliwa na chombo. Mandolini yako ina mgongo bapa au wa duara kama nusu boga? Ya zamani au mpya? Na huo E unaokatika, ulikuwa uzi wa nini na ulikatikia wapi: juu kwenye funguo, shingoni, au chini kwenye kitanzi?

Mwambao77
Ni mandolini ya kawaida tu mkuu. Mimi nataka kujua EJ74 ni nzuri au si nzuri.

Bint Chumbageni
Umenikumbusha mbali kaka. Mjomba wangu alikuwa anapiga mandolini kwenye taarab hapa Tanga. Akimaliza kupiga anafuta uzi mmoja mmoja kwa kipande cha kanga kuukuu, ndipo anakirudisha chombo kwenye sanduku. Sisi watoto tulikuwa haturuhusiwi hata kukipumulia. Alikuwa anasema chumvi ya bahari inakula nyuzi kuliko vidole. Na kweli, ukiacha wiki moja dirisha wazi msimu wa kusi unakuta zimeshapata madoa ya kutu. Leo taarab kinanda kimoja kinafanya kazi ya watu kumi, halafu mnasema muziki umekua.

Mzee wa Debe
Nyie mnahangaika na bronzi. Sisi Kilosa gitaa lilikuwa la debe la mafuta, nyuzi ni waya wa breki ya baiskeli. Unaufumua ule waya, unapata nyuzi nyembamba kibao. Ubaya wake zinachana vidole. Na baba akishuka mlima na baiskeli ndipo anagundua mwanawe ni msanii. Nilichapwa siku hiyo mpaka leo nikiona breki nashtuka.

Mtumishi wa Kweli
Kijana, hela ya nyuzi ungeweka kwenye mfuko wa saruji. Hapa naona watu wanashangilia tu, hakuna anayekuuliza una kiwanja au huna.

Fundi Kinubi
Mleta uzi, maswali yangu matatu hujajibu hata moja. Tupia picha basi.

Mwambao77
Sawa. Mgongo wake ni wa duara, una vipande vyembamba vyembamba vya mbao vimeunganishwa. Ndani ya tundu kuna karatasi imeandikwa Napoli, mwaka umefutika. Nyuzi nilizoweka ni za gitaa kavu, namba 12, maana za mandolini sikupata. Nilinunua pakiti mbili ili nyuzi zitimie nane: 12 kwa E, 16 kwa A, 32 kwa D, 42 kwa G. Zile 24 niliona nyembamba nikaziacha. Inalia vizuri kuliko ilivyokuwa, sauti inafika mpaka kwa jirani. Ila uso umebonyea kidogo kati ya tundu na daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, nadhani ndivyo zilivyo.
[picha]

Kachumbari
"Mandolini ya kawaida tu mkuu."

Fundi Kinubi
Subhanallah. Mdogo wangu, soma taratibu.

Kwanza hesabu. Nyuzi ulizoweka, ukizivuta mpaka sauti za mandolini, zinaivuta ile shingo kwa jumla ya karibu kilo 100. Mfuko wa saruji wa Mtumishi ni kilo 50, kwa hiyo umeiwekea mifuko miwili. Mandolini za kale za mgongo wa duara zina uso mwembamba na ndani hazina chuma cha kushikilia shingo. Zinataka nyuzi ambazo zote nane kwa pamoja hazifiki kilo 60. EJ74 zinavuta karibu kilo 80. Zimekusudiwa mandolini za mgongo bapa au uliobinuka kidogo tu, zile za mtindo wa Gibson F-5 ya mwaka 1922 na ndugu zake. Humo zinaimba kweli. Kwenye hiyo yako zitamalizia ulichoanza.

Pili, kukatika. E ya gitaa unaivuta oktavu moja juu ya ilikozoea. Waya wa chuma unastahimili, lakini ukiwa mnene kuliko mfereji wake pale shingoni unabanwa, kila ukikaza unasagika hapo hapo mpaka unakatika. Nina hakika umekatikia shingoni.

Tatu, nyuzi za gitaa si haramu, mbaya ni unene. Nenda duka lolote la magitaa ya umeme, omba nyuzi za moja moja: E namba 9, A namba 13, D 22, G 32, kila moja mbili. Kile kipira cha chuma mwishoni kipasue kwa plaizi kitoke, utabaki na kitanzi safi cha kuvika kwenye kulabu. Mimi nimefanya hivyo miaka.

Nne, na hii ndiyo ya leo usiku: LEGEZA HIZO NYUZI. Zote, kidogo kidogo, kwa zamu. Uso wa mandolini za Napoli una mkunjo wa kuzaliwa pale karibu na daraja, huo usikutie hofu. Lakini kubonyea kati ya tundu na daraja si kwa kuzaliwa.

Mwambao77
Umekatikia shingoni kweli. Lakini mkuu, EJ74 nimeshalipia nusu, na muuzaji kasema harudishi hela. Pia kaniambia nyuzi nene ndizo zenye heshima. Na kulegeza siwezi, nataka akija aikute imetyuniwa.

Kipanga
Nani akija?

Mwambao77
Mtu tu.

Kipanga
Nani akija?

Mwambao77
Haya. Mandolini si yangu. Ni ya baba wa mchumba wangu, mzee wa Pangani, aliachiwa na baba yake. Alikwenda Muscat kumwona dada yake anayeumwa, akanikabidhi nikae nayo kwa sababu nyumba yake inavuja. Alisema, "Mwanangu, itazame tu." Mimi nikaona nyuzi zina kutu nikataka nimfurahishe. Anarudi Jumamosi na mwezi ujao tunapeleka posa. Sasa mnaelewa kwa nini nimebanwa.

Mzee wa Debe
"Itazame tu." Mzee hakusema uifunge mifuko miwili ya saruji.

Malindi Boy
Boss, sisi huku Mombasa tunakuombea. Mahari hapo imepanda yenyewe bila kikao.

Bint Chumbageni
Jamani msimcheke. Kaka, mwambie binti wa watu leo leo. Baba akisikia kwa mwanawe itakuwa nyepesi kuliko akifungua sanduku mwenyewe. Mjomba wangu alimsamehe mtu aliyemwibia pikipiki, lakini aliyemkanyagia udi wake wa kupiga hawakusalimiana mpaka kaburini.

Mtumishi wa Kweli
Amana, kijana. Amana. Ndiyo maana mimi nilianza na kiwanja.

Kachumbari
Kiwanja kimeingiaje kwenye amana?

Kipanga
Wakuu, samahani kuwakatisha. Huyu ID yake ina uzi wa mwezi wa tatu: "Mke wangu na watoto wawili hawataki tuhamie Kigamboni, nifanyeje." Leo ana mchumba na posa mwezi ujao. Mwenye macho haambiwi tazama. Hii ni chai.

Malindi Boy
Chai ya maziwa, na tangawizi juu.

Mwambao77
Ule uzi ni wa kaka yangu, tulikuwa tunatumia ID moja kabla hajanunua simu.

Kachumbari
Kaka. Daima ni kaka.

Kipanga
Na picha yenyewe nahisi kaitoa kwenye mitandao ya wauzaji. Mandolini ya Napoli, mzee wa Pangani, Muscat, posa... Kesho atasema nyuzi zinapatikana Italia tu, tumchangie. Nimeshaona nyuzi za namna hii, na hapa simaanishi za mandolini.

Bint Chumbageni
Mbona picha ina nyuzi saba tu, na yeye kasema E umekatika? Wa mtandaoni angeweka nane.

Kipanga
Kama ni yako, weka kijiko juu yake upige picha sasa hivi.

Mwambao77
[picha]
Haya, kijiko hicho. Na mkeka wangu mnauona.

Kachumbari
Umeambiwa unauza chai, unaleta kijiko cha chai. Una dharau wewe.

Malindi Boy
Nimekufa.

Kipanga
Kijiko nimekiona. Mandolini ipo. Mchumba bado simwoni.

Fundi Kinubi
Mimi hayo ya mchumba hayanihusu. Awe na mke, awe na wake wanne, kwenye hiyo picha ya pili naona mwanga unapita chini ya uzi wa G kwenye freti ya kumi na mbili, vile vyuma vya shingoni, upenyo ambao kidole cha mtoto kinapita. Shingo inakuja juu. Kila saa mnayobishana hapa ile mbao inavutwa. Mwambao, umelegeza au hujalegeza?

Mwambao77
Ndiyo nalegeza sasa.

Mzee wa Debe
Huku tukisubiri: yule baba wa breki alikuja kuninunulia gitaa la kweli miaka sita baadaye. Sikuwahi kulipenda kama la debe.

Mwambao77
WAKUU. Daraja limeanguka! Nimelegeza zote, limedondoka sakafuni, lenyewe tu, sijaligusa. Nimeivunja. Nimekwisha.

Fundi Kinubi
Tulia. Hujavunja kitu. Daraja la mandolini halifungwi wala halibandikwi, linashikiliwa na nyuzi tu. Ukizilegeza zote linaanguka, ni kosa langu sikukuonya uweke alama ya penseli kwanza. Kulirudisha ni rahisi: pima kutoka kizuizi cha juu shingoni mpaka freti ya 12. Umbali huo huo, kuanzia freti ya 12 kwenda chini, ndipo mahali pake. Ukishaweka nyuzi jaribu kwa sikio: bonyeza uzi kwenye freti ya 12 uupige, kisha upige tena ukiugusa hapo hapo kwa wepesi bila kubonyeza. Sauti mbili zikilingana, umefika. Zisipolingana unalisogeza nywele moja moja. Kwa hiyo lazima liwe huru kusogea.

Sasa iache bila nyuzi mpaka kesho, mbao ipumzike. Kesho nenda kachukue hizo 9, 13, 22, 32. EJ74 zako mtunzie atakayekuwa na mandolini ya mgongo bapa, au nipe mimi nikurudishie hiyo nusu.

Bint Chumbageni
Mungu akupe umri Fundi. Umeona kaka? Kumbe dogo tu.

Mwambao77
Fundi asante sana, Mungu akubariki. Ila ujumbe wako nimeuona kwa kuchelewa. Liliposhuka nilipata hofu, nikaliweka pale nilipoona panafaa, nikalipiga supagluu.

Kachumbari
Jamani.

Mwambao77
Limeshika vizuri sana lakini. Nimepima sasa hivi kama ulivyosema, limepitiliza kama upana wa kidole. Fundi, upo? Supagluu inatolewa na nini?