Bibi wa Virginia anataka mjukuu aingie chama chake, jina kwenye cheti limekosewa

Mama_Nyegezi:
Wanajamvi, habari za jioni. Mume wangu ni Mmarekani. Mama mkwe yuko Virginia, ni mwanachama wa Colonial Dames, kile chama cha akina mama cha 1891. Ni cha wanawake ambao wazee wao walifika makoloni ya Marekani kabla ya 1776 na wakayatumikia. Huingii mpaka ualikwe. Sasa kang'ang'ania mjukuu wake naye aingie, kila Jumapili tukitoka kanisani nakuta ujumbe wake.

Ukoo wote keshaupanga kwa vyeti, baba kwa mtoto. Kimebaki kiungo cha mwisho, yaani sisi. Cheti cha ndoa kinasema Regina. Cha binti, jina la mama ni Legina. Karani aliandika alivyosikia (watu wa Kanda ya Ziwa mtanielewa). Hati ya kiapo inatosha au niende RITA, wale wa usajili wa vyeti vya kuzaliwa? Na jingine, niambieni ukweli: hawa watu wanapokea mtoto mweusi?

kaka_wa_kirumba:
Dada, nenda RITA wakurekebishie. Kiapo ni kiraka tu, na anayekagua nasaba kazi yake ni kutafuta viraka. Beba tangazo la kizazi la hospitali, cheti cha ndoa na kitambulisho chako. Halafu Marekani usitume cheti halisi hata wakikubembeleza, tuma nakala yenye muhuri wa wakili.

binti_sengerema:
Kuhusu rangi, kuna chama kingine kinachofanana nacho, Daughters of the American Revolution, cha wanawake ambao wazee wao walisaidia vita vya uhuru wa Marekani. 1939 walimnyima mwimbaji Marian Anderson ukumbi wao Washington kwa sababu ni mweusi, akaimba nje, kwenye mnara wa Lincoln Memorial, mbele ya watu kama 75,000. Eleanor Roosevelt, mke wa rais, akajitoa uanachama. Mpaka 1977 ndipo wakampokea Karen Batchelor, mwanachama mweusi wa kwanza kujulikana. Kwa hiyo milango imefunguka, ila kwa kusukumwa. Binti akiingia, aingie anajua kwamba Virginia hiyo hiyo iliyoanza na makazi ya Waingereza ya Jamestown 1607 ilishusha Waafrika wa utumwa 1619.

Mama_Nyegezi:
Asanteni sana. Tangazo ninalo, limekunjwa ndani ya kadi ya kliniki, lina doa la chai lakini linasomeka. Jumatatu niko RITA. Hayo ya 1619 nimemsomea binti, kasema atamuuliza bibi yake mwenyewe. Baba yangu kule Magu naye kasikia, anauliza mbona ng'ombe wa mahari hawamo kwenye hizo karatasi, maana bila wao huyo mtoto angekuwa wa kwetu.